Mwalimu Miao Peiqiong na Ngome ya Nyangumi wa Buluu

Ndugu, majirani, walimu wenzake, wanafunzi wake wa zamani, nanyi wageni mliokuja kwa treni na kwa magari kutoka mikoa ambayo marehemu hakuwahi kuikanyaga: asanteni kwa kufika. Leo Jumatatu, tarehe 13 Mei 2019, hapa Zhenjiang, tunamsindikiza Mwalimu Miao Peiqiong. Wasifu huu umeandikwa na Miao Yuejin, binti wa kaka yake, ambaye ndiye anayeusoma. Mume wa marehemu, Mzee Qiu Dehou, aliupitia. Yanayomhusu yeye ameyasahihisha yote. Yanayomhusu mkewe ameyaacha kama yalivyo. Familia imeomba usomwe kwa utulivu. Msomaji atajitahidi, ila maisha yenyewe hayakuwa ya utulivu.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1938 katika kijiji kimoja cha wilaya ya Danyang, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Miao Wanchun, fundi wa siki, na Bi. Xia. Majira ya baridi ya mwaka uliotangulia, majeshi ya Japani yalipoingia Zhenjiang, Mzee Wanchun alimpakia mkewe mjamzito kwenye mkokoteni wa gurudumu moja, akamsukuma hadi kwa wakwe zake, wakajificha katika banda la kufugia viwavi vya hariri. Huko ndiko binti alikozaliwa. Kwa kuwa hapakuwa na kitanda cha mtoto, alilazwa kwenye trei ya viwavi, juu ya majani makavu ya mforosadi. Bi. Xia alizoea kuwaambia wageni, "Mnashangaa hanyamazi? Alilelewa na viwavi. Uzi hautamwisha mdomoni mpaka kufa."

Familia ilirudi mjini mwaka 1940, na marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1946. Masomo yake mengine aliyapata dirishani. Karibu na kiwanda cha siki palikuwa na nyumba ya chai ambapo mtambaji wa hadithi alikaa kila alasiri na kipande chake cha mti, akisimulia habari za mashujaa na majambazi. Watoto wa kike hawakukaribishwa. Marehemu alisimama nje, kidevu juu ya kizingiti, akinuka siki ya baba yake. Mtambaji alikuwa na uchokozi wake: upanga ukishainuliwa juu ya shingo ya mtu, yeye hupiga mti mezani, paa, na kusema, "Yaliyobaki, kesho!" Siku moja binti huyu hakuweza kuvumilia. Akapiga kelele kutoka dirishani, "Mzee, utaniua mimi kabla ya huyo wa kwenye hadithi!" Nyumba nzima ikacheka. Tangu siku hiyo aliruhusiwa kuingia na kukaa kando ya birika.

Alijiunga na chuo cha ualimu mwaka 1954, akahitimu mwaka 1957. Alikuwa chuoni ule mwaka wa 1956, serikali ilipotangaza herufi zilizorahisishwa, na maneno yaliyokuwa na mistari kama kichaka yakapunguzwa yakabaki matawi machache. Chuoni kulikuwa na shangwe. Vijana walikimbizana ukutani kwa chaki, wakishindana nani ataandika nusu ya habari za gazeti kwa namna mpya bila kukosea. Jumamosi ya wiki hiyo alikimbia nyumbani kumpelekea mama yake habari njema, kwa kuwa Bi. Xia alikuwa ametumia miaka mitatu katika darasa la kisomo la mtaa. Bi. Xia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka mwiko chini. "Yaani lile neno lenye miguu kama tandu, ambalo nimelilia machozi majira yote ya baridi, leo ndiyo mnaniambia limekatwa miguu? Si mngenisubiri basi nife!" Lakini baada ya wiki mbili alisoma mwenyewe ubao wa duka la nyuzi, wa kwanza maishani mwake, kwa sauti iliyowafanya wapita njia wageuke. Marehemu alisema kuwa hiyo ndiyo siku alipojua kazi yake ni nini hapa duniani.

Tarehe 1 Septemba 1957 alianza kufundisha lugha ya Kichina katika shule ya sekondari ya chini hapa mjini, na kazi hiyo aliifanya hadi alipostaafu mwaka 1993, isipokuwa kati ya 1969 na 1973. Miaka hiyo alipelekwa kijijini, wilaya ya Jurong, kulima mpunga, kwa sababu nyumbani kwake kulikutwa riwaya za zamani, ambazo wakati ule zilikuwa zimepigwa marufuku. Riwaya zilichomwa. Marehemu hakupenda kuzungumzia moto ule, nasi hatutauzungumzia zaidi yake. Alichopenda kuzungumzia ni wanawake wa kijiji kile. Wakati wa kupandikiza miche, migongo imepinda, maji yamefika magotini, mmoja wao alimuuliza, "Dada Miao, wewe si ulikuwa na vitabu? Hebu tuambie kimoja." Akawaambia kimoja kwa sauti ya chini. Kilipokwisha akawaambia kingine. Vyote alivyovikumbuka vilipomalizika, akaanza kutunga. Ndipo alipomtunga Suo Niang, mpishi wa jeshi aliyejifunza upanga kwa kukata figili, anayezunguka nchi akimtafuta kaka yake aliyepotea vitani. Kila jioni, walipofika mwisho wa tuta, Suo Niang alikuwa ananing'inia mahali fulani.

"Kaanguka? Niambie kama kaanguka!"

"Kesho, wifi yangu. Kesho."

"Mwanamke mkatili wewe! Mimi leo silali!"

Hakuna aliyewahi kumchongea. Shamba lile, kwa maelezo ya marehemu, lilikuwa likimaliza kupandikizwa kabla ya mashamba mengine yote, maana kila mtu aliwahi kufika.

Aliporudi darasani, Mwalimu Miao alikuwa mkali. Walio hapa waliofundishwa naye wanajua. Insha yenye maneno ya kuazima gazetini aliirudisha ikiwa nyekundu kama uso wa mlevi. Miaka ya themanini, riwaya za wapiga panga zilipoenea nchini kama mafua, wanafunzi walizificha ndani ya vitabu vya kiada, naye akawa anazikamata. Bwana Pang Guoliang, ambaye leo ni daktari wa meno na amebeba mojawapo ya mashada yale pale, alinyang'anywa juzuu ya pili ya kitabu kimoja akiwa kidato cha pili. Asubuhi iliyofuata aliitwa ofisini.

"Pang Guoliang, umefanya kosa kubwa."

"Ndiyo, Mwalimu. Sitarudia, Mwalimu."

"Juzuu ya tatu iko wapi?"

Akafikiri anataka kuikamata na hiyo. Ilimchukua muda kijana wa watu kuelewa kuwa mwalimu wake amekesha akiisoma ile ya pili, na macho yake mekundu hayakuwa ya hasira.

Katika ndoa, marehemu alifunga pingu za maisha na Bwana Qiu Dehou, fundi mitambo wa kiwanda cha karatasi, tarehe 1 Oktoba 1961. Ulikuwa mwaka wa njaa. Karamu yao ilikuwa viazi vitamu na bakuli moja la tambi lenye mayai mawili, ambalo kila mmoja alimsukumia mwenzake mpaka likapoa. Bwana Qiu alikuwa mtu wa maneno machache, lakini wivu hakukosa. Mwalimu mmoja wa kiume alikuwa na mazoea ya kubadilishana mashairi na Mwalimu Miao. Mzee Qiu ameruhusu tuseme kwamba siku moja alikwenda shuleni na spana mkononi, akidai amekuja kutengeneza kengele. Kwetu mtu mwenye wivu huitwa mtungi wa siki. Mkewe, binti wa fundi wa siki, alimpa jina hilo mbele ya walimu wote, naye akalibeba maisha yake yote. Mungu aliwajalia watoto wawili: binti yao Xiaoman, aliyezaliwa tarehe 21 Mei 1964, na mwana wao Zhongyuan, aliyezaliwa mwaka 1968.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo wengi wenu mmesafiri kwa ajili yake.

Mwaka 2008, Zhongyuan alipohamia Hefei kikazi, aliacha kompyuta yake kwa wazazi. Marehemu, akiwa na miaka sabini, alijiandikisha Chuo cha Wazee kujifunza kuandika Kichina kwa vibonye. Njia ya siku hizi ni kwamba unaandika sauti ya neno kwa herufi za Kilatini, na mashine inakuletea herufi ya Kichina yenye sauti hiyo. Hapo ndipo mwalimu wa lugha wa miaka thelathini na miwili alipoumbuka. Kwa lafudhi ya kwetu, "n" na "l" ni mapacha, hakuna mzazi anayewatofautisha. Jioni ya kwanza nyumbani alijaribu kuandika kwamba jeshi la Suo Niang linaelekea Nanjing. Akaandika kama alivyotamka: Lanjing. Mashine ikamletea "nyangumi wa buluu".

"Baba Xiaoman! Hebu njoo uone. Mashine hii imelewa."

Mzee Qiu akavaa miwani, akasoma. "Jeshi linakwenda kwa nyangumi. Sasa tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni kwamba nimesema Nanjing!"

"Umesema Lanjing."

"Nimesema Lanjing!"

"Ndiyo hivyo. Lanjing."

Walibishana mpaka uji ukaungua. Lakini alipokaa tena mbele ya kioo cha kompyuta, aliitazama sentensi ile kwa muda. Jeshi likaandamana kuelekea Nyangumi wa Buluu. Na huyo nyangumi ni nini? Ni mnyama? Ni mji? Mbona hakuna aliyerudi kutoka huko kusimulia? Alituambia baadaye kwamba moyo ulimdunda kama wa binti wa dirishani. Hakufuta. Hivyo ndivyo Ngome ya Nyangumi wa Buluu ilivyoingia duniani.

Mwezi Machi 2009 alianza kuiweka hadithi yake katika tovuti moja ya riwaya, sehemu moja kila siku, bila kumwambia mtu. Ilibidi achague jina la mwandishi. Akachagua Mtungi wa Siki. Wasomaji wa mwanzo walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, kisha wakawa darasa, kisha wakawa mji. Wote waliamini kuwa mwandishi ni kijana wa kiume, kwa jinsi alivyokata watu vichwa bila kupepesa. Walimwita Kaka Mtungi. Walimshauri atafute mchumba. Alipochelewa hata saa moja walimshambulia: "Kaka Mtungi, umelewa?" "Kaka, inuka, Suo Niang yuko kwenye mti tangu jana, miguu inamfa ganzi!" Naye aliwajibu kwa adabu za vijana alizojifunza humo humo mtandaoni, akiwa amevaa koti la pamba na miguu ndani ya beseni la maji moto.

Mzee Qiu aliliona jambo. Mkewe hucheka peke yake chumbani, huficha kioo akiingia mtu, na uso wake umekuwa mchangamfu kupita umri. Akavumilia miaka miwili. Mwaka 2011, siku moja adhuhuri, akasimama mlangoni.

"Mama Xiaoman. Tumekula chumvi nyingi pamoja. Niambie tu. Ni nani huyo?"

"Nani?"

"Huyo mwanamume wa humo ndani unayezungumza naye."

Marehemu akageuza kioo. Mzee Qiu akasoma jina lililokuwa juu kwa maandishi makubwa: Mtungi wa Siki. Akasoma na maneno ya watu chini yake, mamia kwa mamia, Kaka Mtungi hivi, Kaka Mtungi vile, Kaka Mtungi twakupenda.

"Hawa wote wananijua mimi?" akauliza.

Mwalimu Miao alicheka mpaka akashika meza. Tangu hapo Mzee Qiu akawa mshauri wa ufundi. Kila lango, kila winchi, kila mtego wa minyororo katika riwaya ile umepita mikononi mwake, na wasomaji waliosifu jinsi daraja la ngome linavyoinuliwa walikuwa wakimsifu fundi wa kiwanda cha karatasi. Sisi wengine tuliambiwa mwaka uliofuata, kwa masharti ya kufunga midomo. "Wakijua mimi ni bibi," alisema, "wataanza kunionea huruma. Msomaji akishakuonea huruma, umekwisha."

Kuhusu maradhi yake: asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2018, akikoroga uji, marehemu alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, na maneno yakaondoka. Katika lugha yote aliyoifundisha maisha yake yote, lilimbaki neno moja tu mdomoni: "Sawa." Ukimuuliza kama ana kiu, sawa. Ukimuuliza kama anaumwa, sawa. Alipokasirika alisema sawa kwa namna ambayo muuguzi alirudi nyuma. Xiaoman alimwekea kibao cha vibonye kitandani, na tukagundua jambo baya zaidi: sauti za maneno zilikuwa zimefutika kichwani, hivyo njia ya kuandika kwa sauti ilikuwa imefungwa. Na Suo Niang alikuwa amefika mbele ya lango la Ngome ya Nyangumi wa Buluu, peke yake, upanga umevunjika, ndani yake kaka aliyemtafuta kwa miaka kumi ya hadithi.

Mtandaoni wasomaji walisubiri wiki moja, mbili, tatu. Kisha wakachemka. Riwaya inayoachwa njiani huitwa "iliyohasiwa", na maneno hayo hayana staha. Xiaoman alimsomea mama yake yote, kwa kuwa ndiyo pekee yaliyomfanya ageuze kichwa. "Kaka Mtungi kahasiwa!" "Kaka ameoa, katusahau!" "Nilijua tu. Wanaume wote ni waongo." Marehemu alisikiliza, chozi likamtoka upande mmoja, na upande mwingine wa mdomo ukacheka.

Mwezi Januari 2019, Mzee Qiu akiwa amekaa kando ya kitanda, mkewe alimshika mkono kwa mkono wake wa kushoto, akaanza kumkuna kiganjani. Mzee akadhani anawashwa, akamkuna na yeye. Akapigwa kofi. Akaanza kukunwa tena: mstari mmoja wenye pembe, mstari mmoja wa kushuka.

"Kisu?" akasema Mzee Qiu. "Unataka kisu?" Akaenda mbio kutafuta kisu, akammenyea tufaha.

Tufaha likarushwa.

"Sawa!" alisema marehemu kwa ukali. Kiganjani, tena: kisu, na baada ya kisu jina la Suo Niang.

Ndugu zangu, msomaji huyu wa wasifu alikuwepo. Mzee Qiu alisimama, akawa mwekundu, akapiga kelele katika wodi ya wagonjwa: "Hana upanga lakini ana kisu! Kisu cha jikoni! Yule ni mpishi!" Sauti za maneno zilikuwa zimekufa kichwani na mdomoni mwa Mwalimu Miao, lakini herufi zilikuwa hai. Maumbo yake, mistari yake, zote zilikuwa zimekaa mahali ambapo kiharusi hakikufika.

Kuanzia siku hiyo ilikuwa kazi ya watu watatu. Yeye aliandika kwa kidole kiganjani mwa mumewe, mumewe alitamka, binti yao aliandika. Siku njema walipata aya moja. Siku mbaya walipata nusu sentensi na ugomvi. Wodi nzima ilijua. Mama Zang wa kitanda cha pili, aliyevunjika nyonga, na ambaye hakuwahi kusoma hata ubao wa duka, alikataa kupelekwa mazoezini kabla ya kusikia ya leo.

"Mwalimu, nakuomba. Asife."

"Sawa," alisema marehemu.

"Hiyo sawa ni ya ndiyo au ya hapana? Mzee Qiu, muulize! Akifa huyo msichana mimi nafunga safari naye!"

Tarehe 18 Aprili 2019, baada ya chakula cha mchana, walifika sentensi ya mwisho. Suo Niang amesimama mbele ya lango. Ameweka kisu chini. Amebisha hodi kama mgeni yeyote. Ikabaki herufi moja. Marehemu akaiandika kiganjani, Mzee Qiu akakunja uso. Mistari ilikuwa mingi. "Unachora nyumba?" Akaandika tena. "Kabati?" Akaandika mara ya tatu, taratibu, jasho likimtoka. Mzee Qiu, aliyejifunza kusoma katika darasa la kiwandani baada ya herufi kukatwa miguu, akasema kwa huzuni, "Mama Xiaoman, hii mimi siijui." Ndipo msomaji huyu akanyoosha kiganja chake. Kidole kilikuwa chepesi na baridi. Kikachora milango miwili inayotazamana, bawa la kushoto na bawa la kulia, na katikati yake komeo na mikono miwili inayoliondoa.

Ilikuwa "kufunguka", kwa namna ya zamani. Ile mpya tunayoandika sote haina lango tena. Lilikatwa mwaka ule wa 1956 ili kupunguza kazi, ikabaki mikono na komeo tu. Yeye mwenyewe alikuwa amewafundisha maelfu kuiandika bila lango. Lakini Suo Niang alikuwa ametembea miaka kumi kufika kwenye lango, na Mwalimu Miao alitaka liwepo.

"Likafunguka!" msomaji huyu alipiga kelele, na haoni haya. "Lango likafunguka!"

"Limefunguka!" akapokea Mzee Qiu.

"Kwa hiyo hafi?" Mama Zang alilia. "Semeni kama watu! Hafi?"

"Hafi!"

Mama Zang akapiga makofi juu ya fremu ya kitanda, muuguzi akaingia mbio akidhani kuna msiba, akakuta wazee wanne wanalia na kucheka, na Xiaoman bado anatafuta kibonye cha kutuma. Alipobonyeza, sote tulikizunguka kioo. Majibu ya kwanza yalikuja kabla chai haijapoa. Kisha yakaja kwa wingi hata hayakusomeka, yanapita kama mvua dirishani. Mmoja aliuliza kwa nini neno la mwisho limeandikwa kizamani, na kabla hatujajibu mwingine akamjibu: "Kaka yetu ametuwekea lango. Pita."

Kwa ruhusa yake, iliyotolewa kwa "sawa" moja ndefu, jioni ile Xiaoman aliwaambia ukweli wote. Hawakuamini. Kisha wakaamini. "Miaka kumi namtukana bibi wa watu! Mama yangu akijua ataniua!" "Nilimshauri anyoe ndevu!" Siku chache baadaye alifika hospitali Bwana Mu Tianxi, dereva wa lori kutoka Lanzhou, aliyekuwa akisikiliza riwaya hii ikisomwa na simu yake barabarani. Yuko hapa leo. Aliingia wodini na mfuko wa aprikoti kavu, akasema, "Kaka Mtungi!" Alisimama tu, mtu mzima mwenye mabega kama mlango, akilia. Marehemu akamwita kwa kidole, akashika kiganja chake, akaandika herufi moja: "Kula." Kwa maana alimwona amekonda.

Marehemu alifariki dunia Jumamosi, tarehe 11 Mei 2019, alfajiri, kwa kiharusi cha pili, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja, mumewe akiwa kando yake. Jioni ya Ijumaa alikuwa mchangamfu. Alikuwa amekula uji na tofu kidogo, kisha akaomba kiganja. Mzee Qiu alifikiri anataka maji. Lakini mkewe alikuwa ameanza riwaya nyingine. Xiaoman aliiandika sentensi ya kwanza neno kwa neno, nasi tunaisoma hapa kama ilivyo: "Siku hiyo njaa ilimwamsha mwanamke mmoja mnene, na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na chochote, akaamua kwenda kumwibia mfalme."

"Halafu?" Mzee Qiu aliuliza.

Marehemu alifumba macho.

"Mama Xiaoman. Halafu ikawaje?"

Alitabasamu, upande mmoja kama ilivyokuwa desturi yake siku za mwisho, akasema, "Sawa," akalala. Mzee Qiu anasema alikaa akingojea, mkono wake umekunjuliwa juu ya shuka, mpaka kulipopambazuka.

Mwalimu Miao ameacha mume, Mzee Qiu Dehou, binti, Qiu Xiaoman, na mkwewe, mwana, Qiu Zhongyuan, na mkewe, wa Hefei, wajukuu watatu, kitukuu mmoja wa kike anayeanza shule mwezi Septemba, binti wa kaka yake, Yuejin, na wanafunzi wa miaka thelathini na miwili. Ameacha pia wasomaji ambao familia haina namna ya kuwajua wote kwa majina, na ambao, kwa ombi la Mzee Qiu, leo wanahesabiwa miongoni mwa wafiwa.

Nenda salama, Mwalimu. Udongo wa kwenu ukupokee taratibu, na usingizi wako uwe mwema.